Roma Imeandika Majina Barabarani. Kisumu Je?

Kiongozi wa ziara alituhesabu, akatuhesabu tena, kisha akainua kibendera chake cha manjano na kuuliza, "Nani hayupo?"

Tulikuwa Piazza Mattei, kiuwanja kidogo katikati ya Roma, mbele ya chemchemi yenye sanamu za vijana wanne wanaowainua kobe wakanywe maji kwenye bakuli la juu. Watu walikuwa wanapiga picha. Jua lilichoma, miguu ilikuwa imevimba kwa kutembea juu ya mawe tangu asubuhi, na basi lilikuwa linatusubiri kando ya mto Tiber.

Aliyekosekana ni Mwalimu.

Bintiye alikuwa amenikabidhi baba yake tangu uwanja wa ndege wa Kisumu, kwa hiyo nilirudi mbio kwenye kichochoro tulichotokea, Via della Reginella. Hakuwa amepotea. Alikuwa amepiga goti moja chini, mlango wa nyumba ya watu uko mbele yake, na anafuta kitu barabarani kwa leso.

"Mwalimu, tunaachwa. Kundi zima linatungoja."

"Nyara," alisema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "njoo unisomee. Hii ni tarehe?"

Chini ya kidole chake kulikuwa na kijiwe cha mraba kilichofunikwa kwa bamba la shaba, sentimita 10 kwa 10, kimezikwa katikati ya mawe mengine kikawa sawa na barabara. Kando yake kulikuwa na kingine, na kingine tena. Kila kimoja kilianza kwa maneno yale yale: hapa aliishi. Kisha jina. Kisha mwaka wa kuzaliwa, siku ya kukamatwa, mahali alikopelekwa. Mmoja wao, ukipiga hesabu ya miaka, alikuwa mtoto mdogo kabisa.

Siku ya kukamatwa ilikuwa moja kwa wote: 16.10.1943.

Sote tulikuwa tumepita juu ya vijiwe hivyo dakika chache kabla, tukisikiliza habari za mikahawa ya mtaa ule. Mwalimu alisimama kwa shida, akaikunja leso, akaitia mfukoni. "Oktoba," alisema. Hakuongeza neno mpaka usiku.

Nimerudi nyumbani, nguo zimefuliwa, picha zimetumwa kwenye kundi la parokia, na jambo hili halijaniacha. Ndiyo sababu naandika.

Kinachotajwa sikioni

Sitawaeleza habari za viza, wala za mchango wa chama, wala za kulala umekaa ndani ya ndege. Wengi mnazijua. Ulikuwa Mwaka wa Jubilei, 2025, na sisi tulikuwa mahujaji kutoka Kisumu, Kakamega na vijiji vya katikati. Ratiba ilikuwa Roma, Assisi, Florence, Venice, kisha nyumbani. Tulipita Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro tukishikana mikono. Tulipanga foleni ndefu Santa Maria Maggiore kuona kaburi la Papa Fransisko, aliyefariki Aprili mwaka ule ule. Nilitarajia kaburi la papa liwe na sanamu na maandishi mengi. Lina neno moja tu: FRANCISCUS. Mama mmoja wa Kakamega alibubujikwa na machozi pale, na nadhani ni ule uchache wa maneno uliomliza.

Kila mmoja wetu alivaa kiredio shingoni, waya sikioni, na sauti ya kiongozi ikatufuata kila kona. Ni kifaa kizuri. Wazee wanasikia, hakuna anayepiga kelele kanisani. Lakini baada ya siku kadhaa niligundua kinavyofanya kazi upande wa pili: macho yanaanza kutii sikio. Ukiambiwa tazama kulia, kundi zima linageuka kulia. Kisichotajwa sikioni kinakuwa hakipo, hata kama umekikanyaga.

Siyo kosa la yule dada. Alikuwa na ratiba iliyobana, na Roma ina miaka zaidi ya elfu mbili ya kusimulia. Asubuhi hiyo hiyo alitueleza vizuri sana habari za Koloseo, lililofunguliwa mwaka 80, na Tao la Tito lililo karibu nalo. Ndani ya tao hilo kuna wanajeshi waliochongwa kwenye jiwe, wamebeba kinara cha taa saba walichokipora Yerusalemu hekalu lilipoharibiwa mwaka 70. Mahujaji wote tulikitambua, tumekisoma kwenye Biblia tangu utotoni. Wayahudi walikuwa wanaishi Roma hata kabla ya ushindi ule, na wapo mpaka leo. Papa Paulo wa Nne aliwafungia ndani ya kuta mwaka 1555, katika mtaa ule ule wa vichochoro ambamo Mwalimu alipiga goti.

Saa chache tu zilitenganisha tao na kijiwe. Tao lilitajwa. Kijiwe hakikutajwa.

Vijiwe

Nilisoma habari zake usiku kwenye simu, nikaendelea kusoma nilipofika nyumbani.

Aliyevianzisha ni msanii Mjerumani, Gunter Demnig, mwaka 1992 huko Cologne. Roma vilifika 2010. Cha 100,000 kiliwekwa Nuremberg mwezi Mei 2023. Kila kijiwe ni cha mtu mmoja aliyeteswa au kuuawa na Wanazi, na kinawekwa mbele ya nyumba ya mwisho aliyoishi kwa hiari yake. Herufi hazichapwi kwa mashine kubwa za kiwandani. Zinagongwa kwa mkono, moja moja. Demnig anasema mtu anayetaka kusoma lazima ainamishe kichwa, na kule kuinama kunakuwa heshima kwa marehemu.

Alfajiri ya Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1943, siku ya Sabato, wanajeshi wa Kijerumani waliuzunguka mtaa ule, wakaingia nyumba kwa nyumba na orodha mkononi. Walikamata watu zaidi ya 1,200. Siku mbili baadaye, zaidi ya 1,000 kati yao walipakiwa kwenye treni ya mizigo wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 16. Wanaume 15 na mwanamke mmoja.

Leo uwanja ulio mwanzo wa mtaa, mbele ya magofu ya Portico d'Ottavia, unaitwa Largo 16 Ottobre 1943. Tarehe imekuwa anwani. Mtu anayepeleka barua pale lazima aiandike.

Hilo lilinikalisha chini.

Mezani

Usiku ule Mwalimu hakugusa tambi zake. Wengine walipopanda vyumbani tulibaki wawili, mhudumu akatuletea chai ya maua ambayo Mwalimu aliionja na kuiweka kando.

"Ile ya kwao ilikuwa Jumamosi," alisema. "Na yetu ilikuwa Jumamosi."

Wasomaji wangu wa Kisumu hawahitaji kuambiwa ni ipi. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, hii tunayoiita Russia mpaka leo ingawa sasa imepewa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Rais Jomo Kenyatta na Jaramogi, kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno makali hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi, na risasi zikaendelea hata msafara ulipokuwa unaondoka. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Walioshuhudia wamesema siku zote kwamba ni wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mambo hayo kwenye ripoti yake ya 2013.

Hayo nilikuwa nayajua. Tumeyasikia tangu tukiwa wadogo, jioni, redio ikiwa imezimwa.

Nisichokijua ni kwamba Mwalimu alikuwa pale. Alikuwa mwanafunzi, wakapelekwa na shule kuimba. Alinieleza kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ya makaa, na jinsi walivyosimamishwa kwenye mstari mapema wakakaa na kiu. Kuhusu milio hakusema mengi. Alisema alikimbia mpaka akakuta yuko shambani kwa watu asiowajua, kiatu kimoja hana.

Jumatatu, mwenzake wa dawati hakuja shule.

Walikuwa wanasoma kitabu kimoja wawili, kama ilivyokuwa siku hizo. Jumanne hakuja. Wiki ile ikaisha, mwalimu wa darasa akachukua kalamu nyekundu na rula, akapiga mstari juu ya jina lile kwenye rejista. Hakusema lolote. Mtoto mwingine akahamishiwa kwenye dawati, akapewa na nusu ya kitabu.

"Nimefundisha mpaka nikastaafu," Mwalimu alisema. "Kila Januari nilikuwa naandika rejista mpya kwa mkono wangu. Na kila Januari, nikifika kwenye herufi yake, mkono ulikuwa unasimama kidogo. Hakuna mahali pengine lilipoandikwa, nyara. Lilikuwa kwenye rejista, na rejista ile ililiwa na mchwa."

Nilimwuliza jina. Alinitajia. Sitaliandika hapa, kwa sababu nitakazozieleza.

Maji yalifika hapa

Baada ya usiku ule nilianza kuitazama miji kwa namna nyingine. Nilitoa waya sikioni mara nyingi zaidi.

Assisi tulipita haraka. Walituonyesha dari la Basilika ya juu lililoporomoka kwa tetemeko la Septemba 1997 na kuua watu wanne, na jinsi mafundi walivyookota vipande vya michoro wakavirudisha kimoja kimoja. Kisha Florence. Kuba la Brunelleschi, lililokamilika 1436, ni kubwa kuliko picha yoyote mliyoiona. Nilisimama chini yake shingo ikaniuma. Mtu kwenye basi alikumbusha kwamba Kisumu reli ilipofika mwaka 1901 iliitwa Port Florence, tukapiga makofi.

Lakini kilichonishika Florence ni pembe moja ya nyumba, Via San Remigio, karibu na Via dei Neri. Ukutani, juu kabisa ya vichwa vyetu, kuna vibao viwili. Kimoja ni cha zamani, kimechongwa mkono unaoonyesha kwa kidole mstari wa mawimbi: maji ya mto Arno yalifika hapa tarehe 4 Novemba 1333. Juu yake kingine: maji yalifika hapa tarehe 4 Novemba 1966. Siku ile ile ya mwaka, miaka 633 katikati.

Kundi letu lilikuwa na mama kutoka Budalangi. Alisimama pale akiangalia juu muda mrefu, mkoba kifuani.

"Sisi maji yakiondoka tunapaka ukuta rangi," alisema.

Sijui kama alikuwa anasikitika au anaeleza tu. Lakini niliwaza mafuriko ya kwetu Nyando na Ahero, nikawaza Ziwa Victoria lilivyopanda 2020 likaingia hotelini na mashambani. Nimeingia nyumba ambamo wenyewe wanakuonyesha kwa mkono, hapa kifuani, hapa shingoni, na mstari wa kahawia ukutani umeshafunikwa kwa chokaa. Mwenye nyumba ana haki ya kutaka ukuta safi. Hata hivyo mtoto anayezaliwa mwaka unaofuata hana cha kumwonya, isipokuwa mkono wa mzee.

Venice nayo ilinipa kitu kidogo. Kwenye dirisha la duka la dawa karibu na daraja la Rialto kuna namba zinazoonyesha ni wakazi wangapi wamebaki katika mji wa kale. Wamekwisha kushuka chini ya 50,000. Sisi wageni wa siku moja ni wengi kiasi kwamba tangu 2024, siku fulani za msimu, tunatozwa ada ya kuingia. Wenyeji wanajihesabu hadharani, mbele ya macho yetu, ili tujue. Nililipenda dirisha lile kuliko gondola.

Jina la vita

Nilirudi Kisumu nimejaa. Nilikuwa nataka kumwambia kila mtu: tazameni wenzetu wanavyokumbuka! Nilianza hata kuandika makala hii kwa namna hiyo. Nilifika katikati, nikakwama.

Kilichonikwamisha ni picha moja. Niliipiga dirishani mwa basi tukienda Basilika la Mtakatifu Yohane Laterani, na pembeni yake kuna kibao cha barabara: Via dell'Amba Aradam.

Amba Aradam ni mlima wa Ethiopia. Mwezi Februari 1936 majeshi ya Mussolini yalipigana pale na majeshi ya Ethiopia, na katika vita ile Italia ilitumia gesi ya sumu. Barabara ikapewa jina kwa kusherehekea ushindi. Bado inaitwa hivyo. Mahujaji Waafrika tunapita juu yake tukisali rozari.

Nikaendelea kuchimba. Mwaka 1937 Waitaliano waliubeba mnara wa mawe wa Aksum, mji wa kale wa Ethiopia, wenye urefu wa mita 24 hivi, wakausimamisha Roma mbele ya jengo lililokuwa wizara ya makoloni, ambalo leo ni makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mkataba wa amani wa 1947 uliwataka Waitaliano warudishe vitu walivyochukua. Mnara ulirudi Aksum 2005, ukasimamishwa tena 2008. Zaidi ya nusu karne kutimiza ahadi.

Kwa hiyo mji ule ule unaogonga herufi moja moja kwa ajili ya jirani aliyechukuliwa, unalibeba kifua mbele jina la mlima ambako watu wetu walipuliziwa sumu. Nilikasirika. Nilihisi nimedanganywa, ingawa hakuna aliyenidanganya.

Siku kadhaa sikuandika neno.

Nilipotulia niliona kwamba vijiwe vile havikuletwa na mji kwa ukarimu wake. Vililetwa na watu wa familia, majirani, shule, waliokwenda kuomba, wakalipa, wakasimama pale siku ya kuwekwa. Desemba 2018, vijiwe 20 vya familia moja ya mtaa wa Monti viling'olewa usiku vikaibwa. Watu walikuja na maua kwenye shimo lililobaki, na vingine vikawekwa. Wafu wa Amba Aradam hawana jamaa mtaa ule wa kwenda kugonga mlango wa baraza la mji. Tofauti ni hiyo. Kumbukumbu ya mji inategemea nani anadai, na anadai kwa muda gani.

Na sisi wa Kisumu hatuna udhuru wa umbali. Wafu wetu ni wa hapa hapa.

Jina halikanyagwi

Nilipeleka wazo langu kwenye jumuiya ndogo ndogo. Nilieleza vijiwe, nikaonyesha picha, nikasema tungeweza kufanya kitu kama hicho barabara ya Russia. Kimya kikapita. Kisha mama mmoja, mkubwa wetu, akasema kwa upole, "Binti yangu, jina la marehemu halikanyagwi."

Nilijaribu kueleza habari ya kuinama. Akatikisa kichwa. "Wewe utainama. Mwenye mkokoteni atainama? Ng'ombe?"

Sikuwa na jibu, na nilipotafuta nikakuta kwamba hayuko peke yake. Mji wa Munich ulikataa vijiwe hivyo kwenye barabara zake tangu 2004, na aliyepinga kwa sauti kubwa alikuwa Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa mji huo, aliyeokoka vita akiwa mtoto. Alisema watu wale walikanyagwa walipokuwa hai, majina yao yasikanyagwe tena. Tangu 2018 Munich inaweka vibao ukutani na kwenye nguzo, usawa wa macho. Mama wa jumuiya yetu na Bi. Knobloch hawajawahi kukutana, na wamesema jambo moja.

Kulikuwa na pingamizi la pili, zito zaidi. Alilileta Mwalimu mwenyewe.

"Yule rafiki yangu," alisema, "kaka yake alipopata mtoto wa kiume alimpa jina lake. Yule kijana sasa ni baba wa watu. Kwetu marehemu hatumwandiki kwenye jiwe, tunamwita aje ale chakula. Sasa jiwe la nini?"

Nimelibeba swali hili wiki nyingi. Nimelilaza, nimeamka nalo. Ni kweli kabisa. Jina la marehemu linapoitwa uani, mtoto akaitika, hakuna bamba la shaba linalofikia hapo. Nilikaribia kuliacha jambo lote.

Kisha nilikwenda mwenyewe.

Kwenye lango

Nilianzia mjini, kwenye mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga. Nimepita chini yake maisha yangu yote. Siku hiyo nilisimama. Ulijengwa kumkumbuka Kassim Lakha, mfanyabiashara Mhindi, na waliojenga ni wanawe, mwaka 1938. Jina lake lipo pale kwa sababu watoto wake walitaka liwepo, na hakuna aliyewakataza.

Kutoka hapo nikapanda boda boda mpaka lango la Russia, upande wa Kondele. Akina mama wanauza ndizi, beseni, leso na maji kwa wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Nilitembea kando ya ukuta, nikavuka, nikarudi. Nilitafuta kibao chenye majina, sikukiona.

Kijana wa boda boda alinisubiri. "Madam, umepoteza kitu?"

Nilimwuliza kama anajua kilichotokea pale 1969. Alijua. Babu yake alimsimulia, alijua hata lori lilipokuwa limesimama. Nikamwuliza, je, unajua jina la mmoja wao, hata mmoja?

Alifikiri. Aliangalia usukani wake.

"La," alisema. Kisha, haraka: "Lakini yule mtoto wa Nyalenda wa 2017 namjua."

Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita aliyekufa baada ya kupigwa na polisi katika vurugu za uchaguzi. Jina lake mnalijua nanyi. Nchi nzima inalijua. Na kwa kuwa linajulikana, kesi ilifika mahali ambapo kesi za namna ile hazikuwa zikifika, watu wakatakiwa kujibu. Namba haikuweza kufanya hivyo. Aliyekuwa "mmoja wa waliokufa" angesahaulika na uchaguzi uliofuata.

Hapo nilipata jibu la kumpelekea Mwalimu. Nilimwambia hivi: Mwalimu, jina linaloitwa uani linamrudisha marehemu kwa watu wake. Hilo tusiliguse. Lakini wale waliofyatua, na waliowatuma, na wote wanaoweza kufyatua kesho, hawaji uani kwako. Wanapita barabarani. Kwao yule rafiki yako hajawahi kuwa na jina, alikuwa sehemu ya wale 11. Ukutani ndipo watakapomsoma.

Alinyamaza, akaomba chai yake iongezwe sukari.

"Ukutani," alisema. "Siyo chini."

"Ukutani, Mwalimu."

Tulipofika sasa

Mwalimu amenunua daftari la kurasa 200 lenye jalada gumu, lile la walimu. Amechora mistari kwa rula: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, shule au kazi, nani amesema. Sheria yake ni kwamba hakuna jina linaloingia kwa wino mpaka watu wawili waliomjua marehemu wathibitishe, kila mmoja peke yake. Mengine yanakaa kwa penseli. Anasema tukiweka jina moja la uongo, watatumia hilo kuyafuta yote, na nakubaliana naye.

Sheria ya pili ni ya familia. Hatutangazi jina wala kulipeleka popote kabla wenyewe hawajakubali, na ndiyo sababu jina la mwenzake wa dawati halipo kwenye makala hii. Dada yake yuko hai, ameolewa upande wa Ahero. Mwalimu hajawahi kumwendea tangu 1969. Amesema atakwenda Jumamosi hii, na ameniomba nimpeleke. Ameuliza mara mbili kama avae suti.

Kwenu mnaosoma: kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye hakurudi siku ile, kaeni na mkubwa wa familia wiki hii. Msimwulize siasa. Mwulizeni alizaliwa mwaka gani, alisoma wapi, alivaa nini asubuhi ile, alikuwa anapenda kula nini. Andikeni na jina la anayewasimulia. Waliokuwa na miaka 12 wakati ule wanakaribia 70, na waliokuwa watu wazima wamebaki wachache. Kama familia inataka, nitafuteni, nitampelekea Mwalimu mwenyewe. Kama haitaki, andikeni hivyo hivyo na mhifadhi kwenu, mahali pasipofikiwa na mchwa.